Le ya Mwenyekiti

Ukitaka kumjua Mwenyekiti, usimtazame usoni, mtazame mikononi. Ukimwona anakuja na kitu mkononi, afadhali ukimbie. Kitu chenyewe kingekuwa kidogo tu: kamba ya hema, sufuria, bendera iliyokunjwa. Angekwambia, "Hebu nishikie hii kwa sasa," kisha angeondoka kwa ule mwendo wake wa haraka, na wewe ungebaki umeshika. Mimi alinishikisha ufunguo wa stoo ya hema nikiwa bado sina ndevu za maana. Siku hizi ndevu zimeota mvi mbili tatu, na ufunguo bado uko mfukoni mwangu.

Alinifundisha Kifaransa shuleni, kwa hiyo mdomoni mwangu alikuwa Madam tu. Lakini kwa watu wa Sherehe ya Kifaransa alikuwa Mwenyekiti, na jina lake halisi sidhani kama nusu yao walilijua. Sherehe yenyewe hufanywa kila Julai katika uwanja wa ukumbi wa Woodley, hapo pembeni mwa Ngong Road. Hakuna anayelipwa. Walimu wanajitolea, wanafunzi wa zamani wanajitolea, wanamuziki Wakongomani wa Kawangware wanajitolea, na mama mmoja wa Kinoo anajitolea kupika. Watu huja kula, kucheza, kurusha mipira ya chuma kwenye vumbi, na kusikiliza watoto wakikariri mashairi ya Kifaransa huku mama zao wakitokwa na machozi kwa maneno wasiyoyaelewa.

Mwenyekiti mwenyewe hakuwa amefika Ufaransa. Ukimuuliza, alijibu "Bado," kwa sauti ya mtu ambaye ndege yake imechelewa kidogo.

Na cheo chake kilikuwa cha uongo, maana sikumwona akiketi. Mkutanoni alisimama nyuma ya kiti chake, mkono juu ya egemeo, akatuongoza hivyo mwanzo hadi mwisho. Siku ya sherehe ndiyo usiseme. Ungemwona jukwaani, ukigeuka yuko getini, ukigeuka tena anamtoa mbuzi wa jirani kwenye meza ya keki. Tulimletea kiti cha plastiki kila mwaka, tukakiandika cheo chake kwa kalamu nyeusi, na kila mwaka kilikaliwa na mtu mwingine.

Alikuwa mkali kwenye matumizi ya maneno. Hema zetu zilihifadhiwa Mutuini, kwenye boma la mwanakamati mmoja mwenye ng'ombe, kwa hiyo Ufaransa yetu ilinuka zizi hadi saa sita mchana. Hilo halikumsumbua. Lakini neno likikosewa, hapo ungemtambua. Mwaka mmoja mama wa Kinoo alimimina uji wake wa unga na mayai kwenye kikaango cha chapati, akaupindua, akautazama.

"Lakini Madam, hii si ni chapo ya maji?"

"Hiyo ni krepu."

"Sawa, krepu. Nasema tu, kwetu Kinoo hii ni chapo ya maji."

"Ndani ya hii gate ni krepu. Ukitoka nje, iite vile unataka."

Mama wa Kinoo alicheka, akaita krepu mchana kutwa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wiki moja baadaye nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti kurudisha spika. Alikuwa amevaa leso na soksi za sufu, na kwenye sahani kulikuwa na rundo lilelile, limefunikwa kwa kitambaa.

"Kaa ule chapati ya maji," akasema.

"Madam, si ni krepu?"

"Krepu ni ya wageni."

Mfaransa halisi alitutembelea mara moja tu, na alikuwa amepotea. Aliingia getini akiwa na kaptura na mkoba mgongoni, akitafuta njia ya kwenda kwingine. Mwenyekiti akamwamkia kwa Kifaransa kilichonyooka hadi yule kijana akasimama wima. Hawakufika mbali katika mazungumzo kabla hajapewa kamba ya hema aishikilie kwa sasa. Alikaa nasi hadi jioni, akapanga meza, akaamua mchezo wa mipira ya chuma, akaungua na jua. Akiaga, alimwambia Mwenyekiti jambo fulani. Ilichukua siku nyingi hadi Mwenyekiti akaniambia ni nini.

"Alisema naongea kama nyanya yake."

"Hiyo si mbaya, Madam."

"Nyanya yake alikufa zamani. Maana yake hiki Kifaransa changu kimebaki na mimi tu."

Sikujua kama alikuwa anajisifu au anaumia. Nadhani na yeye hakujua. Baada ya hapo nilimsikia mara kadhaa akisema sentensi za Kifaransa polepole, peke yake, kama mtu anayekagua maziwa kama yameharibika.

Mtego wake mkubwa ulikuwa kwenye simu. Kamati ilikuwa na group, na group hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Mtu akichoka, akiondoka usiku au mchana, saa haikuisha kabla Mwenyekiti hajamrudisha. Tena alimrudisha kwa upole unaokata maini: "Karibu tena. Simu yako ilikuwa na shida." Utamjibu nini? Utamwambia mwalimu wako wa zamani kwamba simu yako ni nzima, ila wewe ndiye umechoka naye? Kuna mtu alihamia Kisumu, akaondoka akarudishwa, hadi leo anaulizwa meza ngapi zitatosha. Mimi niliondoka mara tatu. Mara ya tatu hata sikukasirika, nilijibu "Asante, nimetengeneza," nikauliza hema zitaletwa lini.

Niseme ukweli wangu. Nilimpenda yule mama, na kila ilipofika Mei nilitamani ahame nchi. Likizo yangu yote ya mwaka iliishia Woodley. Mke wangu alizoea kuniuliza kama nilimwoa yeye au nimeoa Ufaransa. Lakini ningemlaumuje Mwenyekiti, na yeye ndiye aliyefungwa kuliko sisi wote? Hilo nililijua kwa sababu ya kazi yangu.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kukata tiketi za ndege, orofa ya pili, katikati ya mji. Binti yake Mwenyekiti anaishi Lyon, ameolewa huko, ana mtoto wa kiume. Kazini kwake huyo binti hupewa likizo Julai, na kila mwaka alimwambia mama yake jambo moja: njoo Julai, ndipo nitakuwa nyumbani nikae nawe. Kila mwaka Mwenyekiti alipanda ngazi zetu, akasimama kwenye kaunta na kuniambia nimshikie kiti cha dirishani. Nilimshikia. Siku zilisogea, hema likapasuka, mwanamuziki akaugua, jenereta ikakataa, na simu ikalia: "Kile kiti changu, wachana nacho. Mwaka ujao." Mjukuu wake alianza kutembea, akaanza shule, akang'oka meno ya mbele, vyote akiviona kwenye simu. Kwa hiyo mwanamke aliyesherehekea Ufaransa kuliko mtu yeyote Nairobi hakuweza kwenda Ufaransa, kwa sababu ya kuisherehekea.

Aliwahi kujaribu kuihamisha sherehe. Alipendekeza Septemba. Kamati nzima ikamcheka. Sikukuu ya Wafaransa ni Julai, wakamwambia, sisi ni nani tuihamishe? Yeye ndiye aliyekuwa amewafundisha hivyo, ubaoni, kwa chaki ya rangi.

Mimi nilishuku pia kwamba aliogopa kidogo. Aliogopa kufika kule na Kifaransa cha marehemu, afungue mdomo kwenye duka la mikate na watu wageuke. Sikumuuliza. Ila kila alipoachilia kile kiti, sauti yake ilikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni kulikuwa na kaunafuu kadogo. Huwezi kunidanganya, mimi kazi yangu ni kusikiliza watu wakiahirisha safari.

Siri ya jinsi alivyoingia mtegoni alinipa jikoni kwake, siku moja baada ya sherehe, tukisugua sufuria. Nilikuwa nimechoka, nikamuuliza kwa ukali ni nani alimtuma kuwa mwenyekiti.

"Hakuna," akasema. "Mimi nilikuwa nakataa."

Akaeleza. Sherehe ilianzishwa na mwalimu mgeni, na mwalimu huyo alipomaliza mkataba akarudi kwao. Wenzake wakaitana kwenye darasa moja la mjini ili waone kama wataendelea. Dirisha lilikuwa wazi, chini wachuuzi wanaita, mhubiri ana kipaza sauti. Kila mtu alisimama kusema kama yumo au hayumo. Zamu yake ilipofika akasimama, akasema vizuri kabisa, "Mimi najitoa."

"Wakasikia nini?"

"Najitolea. Wakapiga makofi. Makofi, kijana! Mwingine akanikumbatia."

"Si ungewaambia hawajasikia vizuri?"

"Nilifungua mdomo niwaambie. Lakini mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuniombea. Sasa utakatiza mtu akiomba?"

Akachovya kidole kwenye povu, akaandika mgongoni mwa sufuria nyeusi: kujitoa. Chini yake: kujitolea. Akanionyesha kama vile alivyotuonyesha ubaoni.

"Ona tofauti. Ni le tu."

"Le," nikasema.

"Le. Hiyo hiyo le ya Kifaransa nimefundisha maisha yangu yote. Nilikuwa nawaambia hii le ni kaneno kadogo, lakini usichezee, inabeba sentensi. Nyinyi mlikuwa mnaisahau. Hawa nao wakaniongezea."

Akacheka hadi akashika sinki. Nikacheka naye, nikacheka sana, hadi nilipoona amechukua pembe ya leso anajipangusa macho na hacheki. Povu lilikuwa linashuka polepole, na maneno yote mawili yakawa mamoja. Nilisikia woga, kusema kweli. Nilijiona mimi mwenyewe miaka ijayo, nimesimama jikoni nikieleza nilivyoshikishwa ufunguo.

Mwaka huu tulikutana Aprili ukumbini Woodley, mvua ikipiga mabati. Katibu wetu ni mtu wa benki, mwema, ila akishika maikrofoni anageuka kuwa MC wa harusi. Tulipofika kwenye mipango ya Julai, Mwenyekiti alisimama nyuma ya kiti chake, akaweka mikono miwili kwenye egemeo. Nilimwona anavuta pumzi.

"Ndugu zangu, mwaka huu mimi najitoa."

Mabati yalikuwa yanapigwa kweli. Lakini hata kungekuwa kimya, nadhani tungesikia lile tulilozoea.

"Haya, makofi ya kilo!" Katibu akaruka. "Mwenyekiti amejitolea tena! Madam, Mungu akupe maisha marefu. Hebu tusimame, mzee wetu atuombee."

Tukasimama. Vichwa vikainama. Mwenye boma la Mutuini akaanza kuomba kwa ile sauti yake ya chini isiyo na haraka. Mwenyekiti hakuinama. Mdomo wake ulikuwa wazi nusu, kama ulivyokuwa wazi siku ile darasani, na macho yake yalinitazama mimi. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeiona ile sufuria.

Nilijua vizuri nikisema itakuwaje. Nikinyamaza, tutaendelea vilevile, yeye atashikilia sherehe na mimi nitashikilia ufunguo, na Juni atanipigia kuachilia kiti. Nikisema, watu watauliza swali moja tu, na watakuwa wanatazama upande mmoja tu. Niliutafuta ufunguo mfukoni, nikaubana hadi ukaniuma.

"Samahani," nikasema.

Mzee aliendelea kuomba.

"Samahani, mzee, naomba nikukatize. Madam hajasema najitolea. Amesema najitoa. Hakuna le."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Hakuna nini?" akauliza mama wa Kinoo.

"Le."

"Kwani anatoka?"

"Anatoka. Anaenda kuona mjukuu wake."

Mama wa Kinoo akamgeukia Mwenyekiti. "Haki Madam, ni ukweli?" Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Hapo nilitegemea kelele, lakini kulikuwa na aibu tu, na mvua. Kisha Katibu akauliza, si kwa ubaya, "Sasa, nani atashika?"

Wakanitazama. Wote, hata mzee wa Mutuini, ambaye nilikuwa nafikiri bado amefumba macho. Nikasimama wima. Nilikuwa nimekuja na hotuba yangu tayari, niliipanga tangu asubuhi, na nilitaka niitoe kwa Kiswahili kisicho na shaka.

"Hata mimi naji—"

Makofi yakalipuka. Sikufika mwisho wa neno. Katibu alinishika mkono akauinua juu kama wa bondia, mama wa Kinoo akapiga vigelegele, na mzee wa Mutuini, ambaye sala yake ilikuwa haijaisha, akainamisha kichwa na kumwomba Mungu ambariki mwenyekiti mpya. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Utamkatiza mtu mara mbili?

Mwenyekiti alikuja mbele yangu akitabasamu huku machozi yanamtoka. Akaniwekea maikrofoni mkononi. Alitaka kusema nishike kwa sasa, nililiona neno likimfika mdomoni, akalimeza.

Wiki zilizofuata zilinionyesha alichokuwa anabeba. Simu ilinifuata hadi msalani. Mwenye ukumbi alitaka kujua kuhusu choo cha nje. Wanamuziki walikuwa wamegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana. Hema la pili lilipasuka, tena pale pale. Nilianza kumjibu mke wangu kwa sauti ya Mwenyekiti, nikimwambia anishikie mtoto kwa sasa. Siku moja nilitoka kwenye group nikiwa na hasira, na kabla sijaiweka simu mezani Katibu alikuwa amenirudisha. Karibu tena, simu yako ilikuwa na shida.

Mwenyekiti alikuja ofisini mchana mmoja wa Juni. Kiti chake nilikuwa nimekishikilia, na kilikuwa cha kulipiwa na kuthibitishwa siku hiyo, la sivyo kinakwenda. Alipanda ngazi polepole. Hakusimama kwenye kaunta kama kawaida, alivuta kiti cha wateja akaketi, mkoba mapajani. Sikujua niuelekeze wapi uso wangu, maana sikuwa nimezoea kumwona akiwa chini yangu.

"Sasa, Madam. Umepoa?"

"Niko poa. Katibu amekuwa akinipigia."

"Anasema nini?"

"Anasema umelemewa. Ati umekonda." Akanikagua. "Ni ukweli umekonda."

Nikajifanya natafuta kiti chake kwenye kompyuta.

"Niambie tu, mwanangu. Kama ni ngumu, hiki kiti kiachilie, mimi nirudi. Nitaenda mwaka ujao. Huyo mtoto hatoroki."

Nilitaka. Sitajifanya mtakatifu, nilitaka sana. Neno moja tu lingetosha, na Julai ingekuwa yangu tena, ningelala, ningempeleka mke wangu kwao. Na yeye angelipokea neno hilo kwa ile sauti yake ya huzuni yenye kaunafuu ndani. Nilimtazama mikono. Haikuwa imeshika chochote ila mkoba wake mwenyewe.

"Madam," nikasema, "toka kwenye group."

"Sasa?"

"Sasa hivi, nikiona."

Akavaa miwani. Alitafuta muda mrefu, kwa sababu alikuwa amerudisha watu miaka yote hiyo na hakuwahi kujua mahali pa kutokea. Nikamwonyesha. Akabonyeza, simu ikamuuliza kama ana hakika, akanitazama, akabonyeza tena. Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza.

"Madam ametoka!" Katibu alikuwa wa kwanza. "Mwenyekiti mpya, mrudishe."

"Simu yake iko na shida," akaandika yule wa Kisumu.

"Haki mrudishe jameni," akaandika mama wa Kinoo.

Mwenyekiti mpya nilikuwa mimi. Niliandika haraka kabla moyo haujageuka: Simu yake iko sawa. Amejito... na simu yangu ikanimalizia neno. Nikamgeuzia kioo aone kabla sijatuma, kama mwanafunzi anayepeleka insha mezani kwa mwalimu.

Alisoma kwa kupitisha ukucha chini ya kila neno, vilevile alivyosoma insha zetu. Ukucha ukafika mwisho ukasimama. Simu ile ilikuwa imejifunza maneno kwenye group yetu miaka yote hiyo, na ilikuwa imeandika: Amejitolea.

Akanichukulia simu mkononi. Akaweka kidole katikati ya neno, akafuta herufi mbili, taratibu, moja kisha nyingine.

"Le," akasema.

Akatuma mwenyewe, akanirudishia simu, kisha akaniuliza kama kile kiti bado ni cha dirishani.